C. C. Beck, Mchoraji Aliyempa Shujaa Tabasamu

Mwaka jana nilikwenda BTP katika shule moja ya sekondari huku kwetu Bariadi. Kwa wenzetu wa kozi nyingine wanaodhani sisi wa ualimu huwa tunakwenda likizo, BTP ni kusimama mbele ya madogo sabini ukiwa na chaki mkononi, huku msimamizi wako amekaa nyuma anajaza fomu. Nilipewa Kiswahili, Kidato cha Pili. Wiki ya tatu nikawapa insha: kila mtu atunge shujaa wake mwenyewe, na anayeweza kuchora achore.

Nilisahihisha usiku kwa taa ya sola, na kadiri nilivyofungua madaftari ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Mashujaa karibu wote walikuwa wamenuna. Mmoja alimaliza ukoo mzima wa adui yake. Mwingine alilipa kisasi cha baba yake, kisha akafa peke yake kwenye mvua. Dogo mmoja, mchoraji hasa, alichora jitu lenye joho jeusi limesimama juu ya paa la kiwanda cha kuchambua pamba, macho mekundu, mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya Jumapili. Kesho yake nikamwuliza kwa nini shujaa wake hana hata dalili ya tabasamu. Akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba shujaa akicheka, watu hawatamwogopa.

Jibu lile lilinikaa kichwani, maana nami niliwahi kuwa dogo wa namna hiyo. Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Ng'ombe waligawanywa na watu wazima katika kikao ambacho sisi watoto hatukuitwa, nami nikahamia kwa bibi, Nkololo. Kwa miaka kadhaa shujaa wangu alikuwa yeyote yule anayelipa kisasi. Halafu mwaka 2019, wakati wa likizo, niliingia banda umiza pale Bariadi mjini, wakaweka filamu ya Shazam. Mtoto yatima anatamka neno moja, radi inapiga, anageuka mtu mzima mwenye nguvu zisizo na kifani. Sasa jamaa kapata nguvu zote hizo, na miongoni mwa mambo ya kwanza anayofanya ni kuingia dukani kutafuta vitu vya kula! Banda zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, na nakumbuka nilijishangaa kucheka.

Nilipofika chuo, boom la kwanza lilipoingia, nusu ya bando langu iliishia kutafuta mwanzo wa yule mtoto. Ndivyo nilivyokutana na Charles Clarence Beck, ambaye duniani anajulikana kwa herufi mbili tu na jina la ukoo: C. C. Beck.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1910 huko Zumbrota, mji mdogo katika jimbo la Minnesota, Marekani. Alisomea uchoraji Chicago, akapita pia Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1933 akaajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Fawcett. Kampuni hiyo ilikuwa na majarida ya utani na vichekesho, na kazi ya Beck ilikuwa kuyachorea. Hapo msomaji apaangalie vizuri. Wachoraji wengi wa mashujaa wa zama zile walitaka kuchora misuli. Huyu alitoka upande wa vichekesho, na mkono wake haukusahau kamwe ulikotoka.

Mwaka 1938 Superman alikuwa ametoka, akauza kupita kiasi, na kila mchapishaji akawa anatafuta wa kwake. Mwaka 1939 Fawcett wakamkabidhi kazi mwandishi wao, Bill Parker, na Beck akawa mchoraji. Parker alikuwa na wazo la kikosi cha mashujaa sita, kila mmoja na kipaji chake. Wakubwa wakaamua wote sita waingie ndani ya mtu mmoja. Hapo ndipo lilipozaliwa neno Shazam, lililoundwa kwa herufi za kwanza za majina sita ya kale: Solomon kwa hekima, Hercules kwa nguvu, Atlas kwa ustahimilivu, Zeus kwa uwezo, Achilles kwa ushujaa na Mercury kwa mbio. Sura ya shujaa Beck aliichukua kwa mwigizaji wa filamu wa wakati huo, Fred MacMurray. Ni sura ya mtu wa kawaida, mwenye macho madogo na uso wa baba mdogo mpole aliyekuja kukutembelea bwenini.

Akaitwa Captain Marvel, na akaingia sokoni katika jarida la Whiz Comics lenye tarehe ya Februari 1940. Ndani yake alikuwemo Billy Batson, kijana yatima anayeuza magazeti na kulala katika kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ndugu wa baba yake alikuwa amemfukuza nyumbani na kuchukua mali aliyoachiwa. (Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.) Mzee mmoja mchawi, kwa maana nzuri ya neno hilo, anampa lile neno. Wanachuo wenzangu ambao kila nikisema natoka Bariadi mnaniuliza habari za Gamboshi, naomba mtambue kwamba hata Marekani shujaa wao aliyeuza sana alianzia kwa mchawi.

Na kweli aliuza. Mwaka 1941 akawa wa kwanza kati ya mashujaa hawa kuigizwa kwenye filamu za mfululizo, akimtangulia hata Superman. Mwaka 1944 jarida lake, Captain Marvel Adventures, liliuza zaidi ya nakala milioni 14 kwa mwaka mmoja. Kuna kipindi lilitoka mara mbili kwa mwezi, na kila toleo lilipita nakala milioni 1. Beck alikuwa na studio yake yenye wasaidizi, na kuanzia 1941 mwandishi mkuu wa hadithi akawa Otto Binder, ambaye peke yake aliandika zaidi ya nusu ya hadithi zote za ukoo wa Captain Marvel.

Watoto walipenda nini? Nimesoma hadithi zile za zamani, na naona mambo mawili. La kwanza ni utani. Adui mmoja mkuu wa Captain Marvel, aliyetishia dunia nzima katika hadithi ya sura 25 kati ya 1943 na 1945, ni funza. Mdudu mdogo mwenye miwani! Kuna chui-milia anayeongea na kuvaa suti, anayehangaika na maisha ya mjini kama mimi na wewe. Profesa Sivana, adui wa kudumu, humtukana shujaa kwa majina ya kuchekesha, naye hakasiriki.

La pili ni mistari. Beck aliamini kwamba katuni ni maandishi ya picha, na kwamba mstari usioisaidia hadithi ufutwe. Nyuso zake zina macho ya nukta, kuta zake ni tupu, na hata mtoto ambaye bado anasoma kwa kuunganisha silabi anaelewa nani anamkimbiza nani. Sisi tuliofundishwa zana za kufundishia tunalijua hili: ukichora moyo ubaoni na kuweka kila mshipa, wa dawati la nyuma haoni kitu. Beck alichora kwa ajili ya dawati la nyuma.

Sasa shida ikaja. Mwaka 1941 kampuni ya National, wenye Superman, iliwashtaki Fawcett kwa kuiga: joho, nguvu, kuruka angani, vyote walisema ni vyao. Kesi ilisikilizwa mwaka 1948, Fawcett wakapata nafuu katika hukumu ya kwanza, lakini mwaka 1951 mahakama ya rufaa ikageuza upepo. Mimi si mwanasheria, wa LL.B. watanisahihisha, ila ukiniuliza, kitu kilichowatofautisha wale wawili waziwazi kilikuwa kicheko, nacho hakipimwi mahakamani. Mauzo ya katuni za mashujaa yalikuwa yameshuka baada ya vita, na Fawcett wakaona haina maana kuendelea kupigana. Mwaka 1953 wakalipa dola 400,000 na kuahidi kutomchapisha tena. Shujaa aliyewahi kuwashinda wote sokoni akazimwa kwa saini.

Beck alikuwa na umri wa miaka 43. Aliachana na katuni, akahamia Florida, akaendesha baa Miami na kufanya kazi za uchoraji wa matangazo. Mwaka 1967 alijaribu tena pamoja na Binder kumtoa shujaa mnene anayegeuka kisahani kinachoruka. Yakatoka matoleo matatu, likaisha.

Kisha likatokea jambo ambalo kwetu tungeliita kicheko cha majaaliwa. Mwaka 1972 National, walewale waliomshtaki, walipata ruhusa ya kumchapisha Captain Marvel, na wakamwita Beck arudi kuchora. Jina lilikuwa limeshachukuliwa na kampuni nyingine, Marvel, mwaka 1967, kwa hiyo jarida likaitwa Shazam! na toleo la kwanza likatoka na tarehe ya Februari 1973. Mzee wa miaka 62 akarudi kwenye meza yake na mstari wake uleule safi.

Hakumaliza hata matoleo kumi na mawili. Aliondoka kwa sababu hakuzikubali hadithi alizopewa. Hapa ndipo wengi wanaposema katuni za furaha ni mambo ya kitoto, akiwemo mwenzangu wa chumba kimoja, wanapokosea kumwelewa. Beck hakulalamika kwamba hadithi zimekuwa na huzuni. Alilalamika kwamba ni za kijinga. Kwake mzaha ulihitaji hadithi yenye mwanzo, sababu na mwisho, na shujaa anayeyachukulia mambo kwa uzito hata kama adui ni funza. Waandishi wapya walidhani ukimchorea mtoto unaweza kuweka chochote. Mzee akaona bora kukaa bila kazi.

Miaka yake ya mwisho aliandika safu katika jarida la The Comics Journal, akijiita mzee mkorofi, na kwa kweli alikuwa mkorofi. Aliwapiga madongo wachoraji wapya waliojaza mistari kila kona. Sikubaliani naye kila mahali. Baadhi ya kazi alizozidharau ni nzuri sana. Lakini aliishi akayaona mageuzi. Mwaka 1986 vilianza kutoka vitabu viwili vilivyobadilisha kila kitu, Watchmen na kile cha Batman mzee aliyerudi, vyote vya giza, vyote vya akili nyingi. Na mzizi mmoja wa giza hilo ulitoka kwake mwenyewe. Captain Marvel alipozimwa, Waingereza walijitengenezea nakala yake mwaka 1954 wakaiita Marvelman. Na mwaka 1982 Alan Moore, mwandishi wa Watchmen, akaichukua nakala hiyo na kuigeuza hadithi ya kutisha. Moore alikuwa na jambo la kusema. Waliomfuata wengi walibeba kununa tu, wakaacha akili nyuma, na hicho ndicho kinachofika hadi kwenye simu za madogo wangu wa Kidato cha Pili.

C. C. Beck alifariki Novemba 1989 huko Gainesville, Florida, akiwa na miaka 79.

Nilirudi darasani na kipindi kimoja cha ziada. Sikuwaeleza habari za Beck kwanza. Niliwaomba wanisimulie Masala Kulangwa, ambaye kila mtoto wa Kisukuma amemsikia kwa bibi yake, na wale wasio Wasukuma nikawaomba wavumilie. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote. Amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, anamzaa Masala. Mtoto anakua, anauliza watu wako wapi, anaambiwa, anatoka kwenda kuwinda zimwi. Siku ya kwanza anarudi kwa mbwembwe amebeba panzi. Mama anamwambia huyu ni panzi, tumchome tumle. Siku nyingine analeta ndege. Darasa likaanza kucheka kabla sijafika kwenye swala. Zimwi likaja kuuawa kweli, watu wakatoka tumboni wakiwa hai, na hata hapo kisu kikamkata bibi mmoja sikio kwa bahati mbaya, bibi akaja juu, ikabidi shujaa amtafutie dawa.

Nikawauliza kama kuna aliyemdharau Masala kwa sababu ya panzi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo nikachora ubaoni Billy Batson, kwa mistari michache kama mwenyewe alivyotaka, nikawasimulia niliyowasimulia ninyi hapa, kwa kifupi zaidi, maana kengele ilikuwa karibu.

Siku ya kuondoka, yule dogo mchoraji aliniletea daftari. Alikuwa amechora upya. Mtoto mwembamba ameshikilia panzi juu kwa miguu ya nyuma kama kombe la ligi ya kata, na mama yake kashika kiuno, kacheka hadi meno yote yanaonekana. Nyuma yao alikuwa ameweka milima, mibuyu, nyasi moja moja, mawingu, na nyumba na kila unyasi wa paa lake. Nikamwambia picha ni kali, ila nyasi zimezidi. Akachomoa kifutio mfukoni, akakaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu, akaanza kufuta, nami bodaboda ilikuwa inanisubiri getini.