Ptolemaeus, mwenye jina kwenye Mwezi

Wanafunzi wenzetu na walimu wetu, mukitazama Mwezi nusu kwa darubini, karibu na katikati mutaona shimo kubwa la duara, ndani yake sawasawa kama kiwanja cha mupira. Upana wake ni kilometa 153 hivi. Zamani sana jiwe kubwa kutoka angani lilipiga pale. Shimo hilo linaitwa Ptolemaeus. Ni nani huyo?

Aliishi hapa Afrika, kule Aleksandria katika Misri, ule muji wa Apolo tunayemusoma katika Matendo ya Mitume. Toka mwaka 127 mpaka 141 alipima nyota, akaandika. Katika kitabu chake kikubwa alipanga nyota zaidi ya 1000.

Kisha akaandika kitabu cha jiografia, chenye mahali 8000 hivi. Hakufika kwetu, alikusanya habari za wasafiri. Hata Rhapta, muji wa biashara wa pwani ya Mashariki, umo. Tena aliandika ya kwamba muto Nili unapata maji ya theluji ya Milima ya Mwezi. Wengi wanadhani ndiyo Ruwenzori.

Mwanzo wa Nili ulisumbua watu miaka mingi. Livingstone alipofika Nyangwe katika 1871, alidhani Lualaba, muto wetu unaopita katika ziwa Kisale, ndio Nili. Akafa katika 1873, angali akitafuta. Stanley akaufuata mpaka baharini katika 1877: kumbe, ni muto Kongo!

Ptolemaeus naye alikosa. Alifundisha kwamba jua linazunguka dunia, na watu walisadiki hivyo miaka 1400 hivi, mpaka Copernicus alipotoa kitabu chake katika 1543.

Hata hivyo, katika 1651 Riccioli, padri wa Italia aliyeyapa mashimo ya Mwezi majina, alimupa Ptolemaeus shimo hilo kubwa. Katika 1935 mafundi wa nyota wa mataifa mengi walikubali jina hilo. Mbona heshima namna hii kwa mutu aliyekosa?

Sisi tunaona hivi: aliandika wazi alichopima na siku aliyopima. Copernicus mwenyewe, aliyemusahihisha, alitumia hesabu zake! Asingeziandika, angesahihishwa kwa nini?

Basi wenzetu, tusifute katika daftari kipimo chetu ili kunakili cha jirani. Tuandike tulichoona. Kosa lililoandikwa wazi, mwingine atalinyoosha, lililofichwa, hakuna.