Apolo Kivebulaya, Mtumishi Asiye na Shamba



Katika Hesabu 18 Mungu alimwambia Haruni kwamba makuhani hawatagawiwa nchi kama ndugu zao. Mungu mwenyewe ndiye urithi wao. Sisi wakimbizi hapa Juba tunalisoma neno hilo kwa uchungu, kwa kuwa mashamba yetu hatukuyaacha kwa kupenda. Basi tumkumbuke mtu aliyeliishi.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo. Chifu Tabaro alimtesa. Dada ya chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alisingiziwa, akafungwa minyororo na kupelekwa Toro. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Mwaka 1903 Apolo alifanywa kasisi. Aliwahubiria Wambuti katika msitu wa Ituri. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, si upande wa kwao.

Ndugu zangu, Apolo alichagua; sisi hatukuulizwa. Lakini Kutoka 28 yasema Haruni alibeba kifuani majina ya makabila 12 alipoingia mbele za Mungu. Kazi hiyo haihitaji shamba. Juma hili, kila mmoja abebe jina la jirani yake katika maombi, hata yule waliyegombana naye kisimani.