Burdick, Mtu Aliyezipa Kadi Majina

Kitu kisicho na jina ni vigumu kukifanyia utafiti. Ukweli huu ulidhihirishwa na Mmarekani ambaye hakuwa mhadhiri wala tajiri: Jefferson Burdick, aliyezaliwa mwaka 1900 katika jimbo la New York na kufanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse.

Tangu karne ya 19, makampuni ya Marekani yalitia katika pakiti za sigara na za peremende kadi ndogo zenye picha za wanamichezo, hususan wachezaji wa besiboli. Wengi walizichezea kisha wakazitupa. Burdick alizikusanya, na zaidi ya hayo akataka kujua kila kadi ilitolewa na nani, lini, na pamoja na zipi nyingine. Hilo halikuwa jambo jepesi, kwani aghalabu kadi hizo hazikuandikwa mwaka. Ilibidi kuchunguza ukubwa wa karatasi, rangi ya ukingo na tangazo la biashara lililopigwa chapa nyuma yake.

Mwaka 1939 alitoa chapa ya kwanza ya orodha ambayo baadaye iliitwa American Card Catalog. Humo kila seti ilipewa herufi na nambari: N kwa kadi za tumbaku za karne ya 19, T kwa zile za karne ya 20, E kwa kadi za kale za peremende. Mathalani, T205 ina ukingo wa rangi ya dhahabu, ilhali T206, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911, ina ukingo mweupe. Mwalimu wa Kiswahili ataona hapa jambo analolijua: ngeli. Kadi ikishapata ngeli yake, ndugu zake hutambulikana.

Kwa miaka mingi Burdick aliteswa na baridi yabisi iliyomkunja vidole. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1947 alilikabidhi jumba la makumbusho la Metropolitan, jijini New York, mkusanyo wake wa karatasi zaidi ya 300,000, bila malipo. Kisha akaketi humo kuzibandika katika albamu kwa mikono ile ile iliyougua. Alimaliza Januari 1963. Machi mwaka huo akafariki.

Mwaka 2022 kadi moja ya Honus Wagner ya seti ya T206 iliuzwa dola milioni 7.25. Dunia ilistaajabia bei. Wachache walikumbuka kwamba jina T206 halikuchapwa kwenye kadi yoyote. Lilitoka kwa mfanyakazi huyo wa kiwanda.

Funzo kwa walimu na wanafunzi ni bayana. Anayekusanya methali za kijiji chake bila kuandika amezipata kwa nani, wapi na lini, amerundika tu. Kukusanya ni mwanzo wa elimu. Kuainisha ndiko kunakomwezesha atakayekuja kesho kuanzia pale tulipoishia.