Kijana Aliyekimbia Darsa Akawa Mufti wa Misri



Ndugu wasomaji, watu wengi wakimwona mtu aliyefaulu hudhani kwamba alizaliwa na azma yake kama alivyozaliwa na rangi ya macho yake. Humtazama akiwa juu ya daraja yake, wakasema kuwa huyu amejaaliwa na sisi hatukujaaliwa, kisha wakajilalia. Na lililo baya zaidi ni kuwa dhana hii huwabebesha hata watoto wadogo. Mtoto hushindwa na darsa yake, akaambiwa kuwa kichwa chake kizito, na habari yake ikaishia hapo. Basi tumeona ni vyema tuwaeleze maisha ya mtu mmoja ambaye alikwisha kujihukumu mwenyewe kuwa hafai kwa elimu, kisha akawa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa zama zake. Mtu huyo ni Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika jamaa ya wakulima, na akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr, jimbo la Buhayra, kule Misri ya kaskazini ambako Mto Naili hugawanyika. Baba yake hakuwa tajiri, walakini alikuwa mtu mwenye heshima kijijini, naye alitamani mno mwanawe asome. Kijana alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akapelekwa kwa mwalimu aliyehifadhi Qur'ani, naye akaihifadhi yote kwa muda wa kama miaka miwili. Mwaka 1862 akapelekwa mji wa Tanta, katika msikiti mashuhuri wa Sayyid Ahmad al-Badawi, ajifunze tajwidi.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Tabu ilianza mwaka 1864 alipotiwa katika darsa za nahau. Waalimu wa pale walikuwa wakisomesha sharhi ya Ajurrumiya, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu nao wanakijua. Walakini walikisomesha kwa namna ya ajabu: walimmiminia mwanafunzi istilahi za nahau ambazo hajapata kuzisikia, wala hawakujali kumfahamisha maana zake. Kijana alikaa mwaka mmoja na nusu akisikiliza maneno asiyojua mwanzo wake wala mwisho wake. Hakuna aliyemwambia kwamba kosa lilikuwa katika njia ya kusomesha. Basi akaamini kwamba kosa limo ndani ya kichwa chake.

Akatoroka. Akajificha kwa wajomba zake kwa muda wa kama miezi mitatu, mpaka ndugu yake akamgundua na kumrudisha Tanta kwa nguvu. Hakukubali kukaa. Akakusanya nguo zake akarudi kijijini na nia moja tu moyoni, nayo ni kulima kama walivyolima jamaa zake, asikiguse kitabu tena maisha yake. Mwaka 1865 akaoa, akaona kwamba mlango wa elimu umekwisha fungwa.

Walakini baba yake hakukata tamaa. Siku 40 baada ya harusi alimlazimisha arudi Tanta. Kijana akatoka, lakini alipokuwa njiani aligeuza safari, akakimbilia kijiji cha Kunayyisat Urin walikokuwako jamaa za baba yake. Na huko ndiko Mwenyezi Mungu alikomwekea kheri yake.

Katika kijiji hicho alikuwako mzee mmoja aitwaye Sheikh Darwish Khidr, mjomba wa baba yake. Mzee huyu hakuwa na cheo wala hakusomesha katika msikiti mkubwa. Katika ujana wake alisafiri jangwani mpaka Tarablusi ya Magharibi, akasoma huko na kufuata njia ya Shadhiliya, kisha akarejea kwao akawa mkulima. Aliihifadhi Qur'ani na kuifahamu maana yake. Huyu mzee alimjia kijana akiwa na kitabu cha barua za sheikh wake, akamwomba amsomee kwa kuwa macho yake yamekuwa dhaifu. Kijana alikataa kwa ukali, akaulaani usomaji na wasomaji. Na kitabu alipotiwa mkononi alikitupa mbali.

Ndugu msomaji, tutue hapa kidogo. Ni wangapi katika sisi, lau tungalitupiwa kitabu na kijana wa ukoo wetu, tungaliacha kumpiga au kumtukana? Sheikh Darwish hakufanya hivyo. Alitabasamu, akakiokota kitabu, akamwomba tena kwa upole mpaka kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Mzee akamweleza maana yake kwa maneno mepesi ambayo hayakumpita. Punde si punde wakapita vijana wenziwe wakienda kucheza, naye akakitupa kitabu akawafuata. Alasiri mzee akamjia tena kwa ombi lile lile, na kesho yake pia. Kila siku kijana alizidi kukaa na kila siku alizidi kufahamu. Haikutimia juma moja ila michezo na upuuzi aliokuwa akiupenda ukawa ndio anaouchukia, na kitabu alichokichukia kikawa ndicho akitafutacho. Mzee hakumpa wiridi ila Qur'ani yenyewe, asome sehemu yake baada ya kila Sala, kwa kufahamu na kuzingatia.

Kwa siku kama 15 tu mambo yaligeuka. Kijana yule yule aliyeikimbia Tanta mara mbili alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Akakaa mbele ya darsa za nahau, akaona kwamba anafahamu asomalo na asikialo, hata wanafunzi wenziwe wakawa wakimkusanyikia awasomeshe kabla ya kufika kwa mwalimu. Kichwa chake hakikubadilishwa. Kilichobadilika ni kuwa ameonja ladha ya kufahamu, na aliyeionja mara moja hawezi tena kuaminishwa kuwa si yake.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, Cairo. Kila mwaka likizo ikifika alirudi kwa Sheikh Darwish, na mzee humwuliza alichosoma. Alimwuliza kama amesoma mantiki, au hesabu, au handasa, yaani elimu ya vipimo na maumbo. Kijana hujibu kuwa mengi katika hayo hayasomeshwi Al-Azhar. Mzee humfahamisha kwamba mtafuta elimu hashindwi kuipata mahali popote. Basi akirudi Cairo huanza kutafuta mtu wa kumsomesha, mara apate, mara akose. Hivyo akazoea jambo kubwa: kutongoja aletewe asichopewa, bali kutoka kukitafuta. Na mwaka 1871 alipowasili Cairo Sayyid Jamaluddin al-Afghani, kijana huyu alikuwa tayari, kwani alikuwa na maswali. Akamshika, akasoma kwake falsafa na mantiki na habari za mataifa.

Jambo hilo halikuwapendeza baadhi ya masheikh wa Al-Azhar. Mwaka 1877 alipotahiniwa kwa shahada ya uanachuoni, wako katika wenye kumtahini waliotaka aanguke. Hawakuweza, kwani elimu yake ilikuwa dhahiri. Walakini alipewa daraja ya pili. Hakukaa akalia kwa daraja ile. Mwaka uliofuata alianza kusomesha historia katika chuo cha Dar al-Ulum, akiwasomesha vijana Mukadima ya Ibn Khaldun.

Asidhani msomaji kwamba tangu hapo njia ilinyooka. Mwaka 1879 Khedivi Tawfiq alimwondoa katika kazi yake na kumwamuru akae kijijini kwao. Mwaka 1880 akaitwa kusimamia gazeti la serikali, akalifanya kuwa chombo cha kuwaamsha watu. Mwaka 1882 yakatokea mapinduzi ya Ahmad Urabi Pasha. Waingereza wakaingia Misri, na Sheikh, aliyekuwa upande wa Urabi, akafungwa gerezani miezi mitatu kisha akahamishwa nchi. Akakaa Beirut, kisha mwaka 1884 akamfuata Sayyid Jamaluddin Paris, wakatoa gazeti la Al-Urwa al-Wuthqa la kuwaita Waislamu wa nchi zote waungane. Waingereza wakalizuia lisiingie Misri wala India, na baada ya kutoka mara 18 tu likafa.

Hapa ndipo mtu wa azma hujulikana. Sheikh alikuwa amepoteza kazi, nchi na gazeti. Wengi katika hali kama hiyo hubaki wakilaumu ulimwengu mpaka mauti yawafikie. Yeye alirejea Beirut mwaka 1885, akakaa mbele ya wanafunzi, akasomesha tauhidi. Darsa zile ndizo zilizokuwa msingi wa kitabu chake mashuhuri, Risalat at-Tawhid, kilichotoka mwaka 1897. Alikuwa ameyakinisha kwamba umma usiofahamu hauwezi kukombolewa kwa kelele, na kwamba kazi ndefu ya kusomesha ndiyo inayobaki. Hakuiacha shabaha yake ya zamani. Aliibadili njia ya kuifikia.

Mwaka 1888 aliruhusiwa kurudi Misri. Alitamani kusomesha, lakini Khedivi aliogopa kumrudisha mbele ya vijana, akampa ukadhi katika mahakama za wenyeji. Kazi asiyoichagua aliifanya kwa uadilifu hata akapandishwa mpaka mahakama ya rufani. Na alipoona kwamba sheria nyingi za mahakama zile zimetoka katika sheria za Kifaransa, alijifunza Kifaransa, hali ya kuwa umri wake umekwisha pita miaka 40. Tulinganishe mtu huyu na yule kijana aliyekuwa akijificha kwa wajomba zake.

Mwaka 1895 akawa mmoja wa wajumbe wa baraza la kuiongoza Al-Azhar, akapigania mishahara ya waalimu, afya na makazi ya wanafunzi, utengenezaji wa maktaba, na kuingizwa kwa masomo kama hesabu. Mwaka 1899 akafanywa Mufti wa Misri. Mwaka huo huo akaanza kusomesha tafsiri ya Qur'ani katika Al-Azhar. Maswali yalimjia kutoka mbali: mwaka 1903 alijibu maswali ya Waislamu wa Transvaal, Afrika Kusini, na mojawapo lilikuwa juu ya Shafii kusali nyuma ya Hanafi. Alijibu kwamba inajuzu, kwani Waislamu ni umma mmoja. Wapinzani wake walimshambulia vikali kwa fatwa zile na kwa urafiki wake na wakubwa wa Kiingereza, na Khedivi Abbas Hilmi naye akawa dhidi yake. Mwaka 1905 alijiuzulu katika baraza la Al-Azhar, na mengi aliyoyataka hayajatimia. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo akafariki Iskandaria kwa maradhi, umri wake haujafika miaka 60. Darsa zake za tafsiri zilikuwa zimefika Suratun-Nisaa.

Je, alishinda au alishindwa? Mwanafunzi wake, Sayyid Rashid Rida, alikuwa ameanzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898, akayaandika humo mafunzo ya mwalimu wake na kuyaeneza. Jarida hilo lilivuka bahari mpaka pwani yetu. Miongoni mwa waliolisoma alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti lake la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Basi upole wa mkulima mmoja kwa kijana mkaidi, katika kijiji kisichojulikana, ulifika mpaka milangoni petu.

Ndugu zetu, katika maisha haya mna mafunzo mengi, lakini tunataka kulishika moja. Azma haiingii katika moyo wa mtoto kwa bakora, wala kwa kuambiwa ajitahidi tu, wala kwa kulinganishwa na mtoto wa jirani. Huingia siku ile anapofahamu jambo kwa akili yake mwenyewe na kuona kuwa anaweza. Baba yake Muhammad Abduh alikuwa na nia njema, na ndugu yake vile vile; wote wawili walimvuta kwa nguvu, naye akazidi kukimbia. Aliyefaulu ni yule aliyekaa chini pamoja naye, akamweleza mistari michache kwa maneno anayoyajua, akavumilia kutupiwa kitabu.

Basi mwalimu wa chuo na ajiulize leo: katika watoto walio mbele yangu, ni nani niliyekwisha mhukumu kuwa mzito, hali ya kuwa sijapata kumfahamisha? Mzazi naye aulize kabla ya kushika fimbo, je, mwanangu amekataa kusoma, au amekosa wa kumweleza? Na kijana aliyekwisha kata tamaa ajue kwamba Mufti wa Misri naye alikata tamaa alipokuwa na umri kama wake, kisha mlango ukafunguka kwa siku 15. Akose mwalimu mmoja, atafute wa pili. Afungiwe njia moja, ashike nyingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Muhammad Abduh na mwalimu wake Sheikh Darwish, atufungulie vifua vyetu tufahamu dini yetu, na awape waalimu wetu subira na watoto wetu azma. Amin.