Jeevanjee: Aliuza Gazeti, Akaacha Bustani

Wengi nizungumzao nao waijua Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi; mwenyewe hawamjui. Marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard, kwetu Mombasa, mwaka 1902. Mwaka 1905 aliwauzia Wazungu wawili. Wakaligeuza jina, likawa East African Standard. Mwaka 1910 likahamia Nairobi, likawa ulimi wa walowezi. Naye, aliyeteuliwa mwaka 1909 kuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa adai haki za Wahindi mbele ya walowezi hao hao. Alifariki mwaka 1936. Bustani aliyowapa watu mwaka 1906 ingalipo. Nami nasema: kalamu ikishauzwa, huandika apendavyo mnunuzi.