Elijah Masinde: Mwendawazimu 1945, mhalifu 1948

Wengi humkumbuka Elijah Masinde kwa Dini ya Msambwa na kwa kuwataka Wazungu warudi kwao. Mimi, niliyesomea Kenya wakati wa ukimbizi na sasa ninafundisha hapa Juba, humkumbuka zaidi kwa miaka yake miwili katika hospitali ya Mathari, Nairobi.

Alizaliwa Kimilili, Ubukusu, karibu mwaka 1910. Kabla ya kuitwa nabii alikuwa mwanasoka hodari, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda. Kanisa la Quaker lilimtenga alipooa mke wa pili.

Mwaka 1944 yeye na wafuasi wake walikataa kazi za kulazimishwa, wakapambana na watu wa chifu. Mwaka 1945 ikaamuliwa kwamba ni mwendawazimu, akafungiwa Mathari. Msimamizi wa hospitali hiyo wakati huo alikuwa Dk. J.C. Carothers, ambaye mwaka 1953 aliliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mbele ya elimu ya namna hiyo, Mwafrika mkaidi angejiteteaje?

Alitoka 1947, akaendelea kuhubiri yale yale. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Masinde akahamishiwa Lamu, safari hii kama adui wa serikali. Mtu ni yule yule, maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni haja ya wakubwa.

Ndiyo maana sheria ya kumfungia mtu kwa sababu ya akili yake haina budi kudai ushahidi wa daktari, muda maalumu na hakimu wa kuipitia upya amri hiyo. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch liliwakuta katika gereza kuu la Juba watu waliowekwa humo kwa kuonekana tu kuwa na matatizo ya akili, bila kosa lolote. Mgonjwa huenda akapona akaachiwa. Je, aliyezaliwa na ulemavu wa akili, asiye na ugonjwa wa kutibiwa, atasubiri kupona hadi lini?

Masinde aliachiwa karibu na uhuru, lakini serikali ya Kenyatta nayo ikamfunga. Rais Moi alimwachia mwaka 1978. Alifariki mwaka 1987.