Galileo na hesabu ya libwe lenye kuanguka

Galileo Galilei alizaliwa tarehe 15 Februari 1564 ku Pisa, mu Italia. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mupiga muziki, na feza haikuwa mingi mu nyumba. Alitaka mutoto akuwe munganga. Galileo aliingia universite, lakini moyo wake ulikuwa paka ku hesabu, na akaacha bunganga bila diplome. Mu 1589 akaanza kufundisha hesabu pale pale Pisa, kisha kutoka 1592 ku Padova, miaka 18.

Wakati ile batu ba masomo balisema kitu kizito kinaanguka mbio kupita kyepesi, sababu Aristote wa zamani alifundisha vile. Galileo akataka kupima. Lakini kitu chenye kuanguka kinaenda mbio sana, na saa ya kuhesabu segonde haikuwa. Njo akachukua ubao murefu, akachonga mufereji ndani, akauinamisha kidogo, na kutelemusha kampira ka bronze. Wakati aliupima na maji: ilitoka mu tundu ndogo ya ndoo, ikaingia mu kopo, yeye akapima uzito yake.

Akakuta hivi: kama mu wakati wa kwanza kampira kanapita kipimo 1, mu wa pili kanapita 3, mu wa tatu 5, mu wa ine 7. Sasa tujumlishe: 1; 1+3=4; 1+3+5=9; 1+3+5+7=16. Hizi njo zile kare batoto betu banajifunza ku masomo: 1×1, 2×2, 3×3, 4×4. Mama anaweza kuionyesha na bifuniko bya chupa. Uweke 1, uongeze 3 ku pembe, unapata kare ya 2 kwa 2. Uongeze 5, unapata ya 3 kwa 3.

Kwa mutu wa mine, hii haiko muchezo. Libwe likiangushwa mu shimo, ku segonde 1 linapita karibu metre 5. Ku 2, metre 20. Ku 3, metre 45. Ku 4, metre 80. Wakati mara mbili, urefu mara ine. Mwenye kuhesabu segonde 4 na kuzidisha paka na 5, atawaza shimo iko na metre 20, kumbe ni 80. Anaweza kukufa juu ya hesabu ile.

Mu 1633 Kanisa ku Roma ilimuhukumu, sababu alifundisha kama dunia inazunguka jua. Alipiga magoti na kukana. Bakamufunga mu nyumba yake ku Arcetri, karibu na Firenze, na kumukataza kutosha bitabu. Pale pale akamaliza kitabu juu ya bitu byenye kuanguka. Kilichapwa mbali, ku Leiden mu Uholanzi, mu 1638, na yeye macho ilikuwa imekwisha kufa.

Mu kitabu kile aliuliza tena: mupaka 100 kare ziko 10 tu, mupaka 10.000 ziko 100. Zinaendelea kuwa haba. Lakini kila namba iko na kare yake. Basi gani ni nyingi? Akajibu kama bitu bisivyo na mwisho habipimwi na mingi ao kidogo.

Alikufa tarehe 8 Januari 1642, na miaka 77, angali mufungwa. Mu kila shimo ya Katanga, libwe lingali linashuka na hesabu yake: 1, 3, 5, 7.